Mpakani: uzime romingi, ununue kifurushi, au ubebe laini ya pili?

Tarakea ni mji mdogo wa wilaya ya Rombo, upande wa mashariki wa Mlima Kilimanjaro, na kutoka hapo hadi mpaka wa Kenya ni mwendo wa miguu. Nililala hapo usiku mmoja nikiwa nimekwenda msibani, katika chumba ambacho dirisha lake lilielekea Kenya, wala sikuvuka kwenda popote. Saa tano usiku simu ililia, ujumbe ukanikaribisha Kenya. Niliusoma, nikacheka, nikageukia upande wa pili. Asubuhi salio la shilingi 12,000 nililoliweka kwa ajili ya kuwapigia ndugu lilikuwa limebaki shilingi 40, na hakuna simu hata moja niliyokuwa nimepiga. Zilizovuka mpaka ni picha za msiba, ambazo simu yangu ilikuwa na mazoea ya kuzihifadhi mtandaoni usiku ikiwa kwenye chaji.

Tangu hapo nimezijaribu njia karibu zote ambazo watu hushauriana, kwa sababu kazi yangu hunipeleka mara kwa mara Holili, Namanga na Horohoro, vituo vya mpaka wa Tanzania na Kenya. Nimeona kwamba wengi wetu huchagua kwa kulinganisha bei ya megabaiti, ilhali swali la kwanza linapaswa kuwa hili: anayevuka ni wewe, au ni simu yako peke yake? Majibu mawili ya swali hilo huelekeza kwenye dawa mbili tofauti kabisa, na anayetumia dawa ya mmoja kutibu ugonjwa wa mwingine ndiye anayelipa mara mbili.

Namna simu inavyovuka bila wewe

Mnara wa simu haujui mpaka ulipo. Teknolojia ya GSM inaruhusu mnara kuhudumia simu iliyo umbali wa hadi kilomita 35 pale ambapo hakuna kizuizi, na maeneo yetu mengi ya mpakani ni tambarare, ziwa au mteremko ulio wazi. Ndiyo maana wapandaji wa Kilimanjaro wanaotumia njia ya Rongai hushangaa kuona simu zao zinashika mtandao wa Kenya wakiwa ndani ya hifadhi ya Tanzania, na mkazi wa Vanga au Lunga Lunga, ambaye hajawahi kuomba pasipoti, hupata ujumbe wa kumkaribisha Tanzania akiwa ameketi barazani kwake.

Kwa kawaida simu hutafuta kwanza mtandao wa nyumbani. Ikiukosa, hata kwa muda mfupi kwa sababu umeme umekatika kwenye mnara au wewe umeingia nyuma ya kilima, hushika mtandao wa kigeni ambao kampuni yako ina mkataba nao, mradi laini yako imeruhusiwa huduma ya kutumika nje ya nchi, ile ambayo wengi tunaiita romingi. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba mtandao wa nyumbani ukirudi, simu hairudi papo hapo. Husubiri zamu yake ya kutafuta tena, na zamu hiyo, kwa mujibu wa viwango vya kimataifa, hupangwa kwa hatua za dakika sita, kuanzia kila baada ya dakika sita hadi kila baada ya saa nane. Laini isiyopangiwa muda wake husubiri dakika 60. Aidha, simu iliyo katikati ya mazungumzo haiachi mnara wa kigeni ili kwenda kutafuta wa nyumbani. Kwa hiyo kukatika kwa mtandao kwa dakika mbili kunaweza kukugharimu saa nzima ya matumizi ya kigeni.

Dalili zipo kwa anayetazama. Jina la kampuni juu ya kioo hubadilika, herufi R hujitokeza kando ya alama ya mtandao, na ujumbe wa kukaribishwa huingia. Upande wa magharibi kuna dalili nyingine nzuri zaidi, nayo ni saa: Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo, Zambia na Malawi ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, kwa hiyo ukiwa Rusumo, Tunduma au Kasumulu na saa ya simu yako ikarudi nyuma ghafla, ujue umeshahamishwa. Namanga na Sirari hazina dalili hiyo, kwa kuwa saa za Tanzania, Kenya na Uganda hazitofautiani, na pengine ndiyo sababu huko watu hukatwa salio bila kushtuka.

Kuzima data ya romingi au kuchagua mtandao mwenyewe

Hizi ni dawa za yule ambaye havuki. Mara nyingi hutajwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja, lakini sivyo.

Kuzima data ya romingi ni kitendo cha sekunde tano katika mipangilio ya laini. Ukishafanya hivyo, simu ikishika mnara wa kigeni haitapakua wala kupandisha chochote, na wizi wa usiku kama ule wa Tarakea hautokei. Njia hii haikuharibii kitu unaporudi ndani ya nchi, kwa sababu data ya kawaida huendelea kama zamani. Udhaifu wake ni kwamba haigusi sauti. Simu bado imo katika mtandao wa kigeni, ukipiga unatozwa bei ya romingi, na katika mipango mingi hata ukipokea unatozwa. Mama anayepigiwa na mwanawe aliyeko Dar es Salaam, akazungumza naye kwa robo saa akiamini kwamba mlipaji ni aliyepiga, hugundua baadaye kwamba walilipa wote wawili.

Kuchagua mtandao mwenyewe ni hatua ya pili, na kwa mkazi wa mpakani mimi naiona kuwa ndiyo dawa yenyewe. Unaingia katika mipangilio ya laini, unazima uchaguzi wa mtandao wa kiotomatiki, unasubiri dakika moja au mbili simu iorodheshe mitandao yote inayoisikia, kisha unagusa ule wa kampuni yako. Hata vitochi vingi, zile simu ndogo za vibonyezo, vina menyu hiyo. Wakati mwingine orodha huonyesha tarakimu badala ya majina, na hapo inafaa kujua kwamba mitandao ya Tanzania huanza na 640, ya Kenya 639, ya Uganda 641, ya Burundi 642, ya Msumbiji 643, ya Zambia 645, ya Malawi 650, ya Rwanda 635 na ya Kongo 630. Baada ya hapo simu haitahama hata mnara wa ng'ambo ukiwa na nguvu mara kumi.

Gharama ya dawa hiyo ni ukimya. Mtandao wa nyumbani ukipotea, simu hubaki bila huduma mpaka urudi, na kwa mtu mwenye mgonjwa au mwenye biashara inayotegemea kupigiwa, ukimya huo unaweza kuwa na hasara kubwa kuliko shilingi zilizookolewa. Pia baadhi ya simu hurudi kwenye uchaguzi wa kiotomatiki zikizimwa na kuwashwa, kwa hiyo aliyeishiwa chaji usiku hana budi kukagua tena asubuhi. Ipo njia ya tatu iliyo kali zaidi, nayo ni kuipigia kampuni yako na kuomba romingi ifungwe kabisa kwenye laini. Inamfaa mzazi aliyempa mtoto simu, na mtu mzima asiyependa kuhangaika na mipangilio. Haimfai anayevuka hata mara moja kwa mwaka, kwani siku ya safari ndipo atakapokumbuka, akiwa tayari ng'ambo na laini isiyoweza kumpigia mtu yeyote.

Kifurushi cha romingi au laini ya pili

Kwa anayevuka kweli, ushindani mkubwa uko hapa, na ndipo ninapowaona watu wakikosea zaidi.

Kifurushi cha romingi hununuliwa kwa laini ya nyumbani, mara nyingi kwa kubonyeza menyu ile ile ya vifurushi vya kawaida. Uzuri wake ni kwamba namba yako haibadiliki: benki inakutumia ujumbe wa uthibitisho kama kawaida, wateja wanakupata, na makundi ya WhatsApp hayajui kwamba umesafiri. Kwa safari ya siku mbili hadi nne, kwa mfano harusi ya Mombasa au mkutano wa Kampala, sioni sababu ya kusumbuka na kitu kingine.

Hata hivyo, maandishi madogo ya kifurushi yana mitego mitatu. Mtego wa kwanza ni orodha ya nchi. Jina la kifurushi likitaja Afrika Mashariki, lisikufanye udhani kwamba nchi zote za Jumuiya zimo. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, na kampuni si lazima ibadili orodha yake kwa sababu marais wametia saini. Zambia, Malawi na Msumbiji si wanachama kabisa, kwa hiyo dereva wa lori anayepitia Tunduma asibebe matumaini ya kifurushi kilichotengenezwa kwa ajili ya Nairobi. Mtego wa pili ni kampuni mwenyeji. Vifurushi vingi hufanya kazi kwenye mtandao mmoja tu wa nchi unayokwenda, ule wenye mkataba maalumu na kampuni yako. Simu ikishika mtandao mwingine wa nchi hiyo hiyo, unatozwa nje ya kifurushi au unakosa data kabisa. Uliza jina la mtandao huo kabla hujaondoka, kisha ukifika uchague mwenyewe kwa njia ile niliyoieleza juu. Mtego wa tatu ni saa ya kwisha. Kifurushi cha siku moja huisha saa ile ile uliyokinunua kesho yake au huisha usiku wa manane, hutegemea kampuni, na dakika kinapoisha matumizi yanaweza kuendelea kwa bei kamili bila kukuuliza, isipokuwa kama salio la kawaida ni sifuri. Kwa sababu hiyo mimi huvuka nikiwa na kifurushi na salio tupu. Ni uzio duni, lakini haujawahi kuniangusha.

Laini ya pili ni jibu la mchuuzi. Anayetoka Holili kwenda soko la Taveta kila wiki, au mama wa Horohoro anayenunua bidhaa upande wa Kenya, hana haja ya kulipa bei ya mgeni milele. Laini ya ng'ambo humpa bei za wenyeji, bando za wenyeji, na kubwa zaidi humpa pesa za simu za upande ule. M-Pesa ya Kenya na ile ya Tanzania zina jina moja lakini ni pochi mbili, na mteja wa Taveta hupenda kulipa kwa namba ya kwao, kwa hiyo kwa mfanyabiashara laini ya pili ni chombo cha kazi kabla hata ya kuwa njia ya kukwepa makato.

Usajili ndio ugumu wake. Nchi zetu zimebana sana jambo hili. Tanzania ilianza kuzifunga laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole Januari 2020, na mgeni huhitaji hati ya kusafiria au kitambulisho kinachokubalika ili asajiliwe. Pale kwenye vibanda vya mpakani utakutana na kijana anayekuuzia laini iliyo tayari, imesajiliwa kwa jina la mtu usiyemjua. Usiichukue. Licha ya kuwa ni kosa la kisheria, siku mwenye jina akienda kuibadilisha, fedha zako zilizomo zitaondoka naye. Laini isiyotumika kwa muda mrefu nayo hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, hivyo anayevuka mara mbili kwa mwaka atajikuta anasajili upya kila safari, na huyo ningemrudisha kwenye kifurushi.

Liko pia jambo ambalo wenye simu za laini mbili hulisahau: laini ya pili nayo ina nyumbani kwake. Ukirudi Moshi na laini ya Kenya ikiwa bado imewashwa, sasa hiyo ndiyo iliyo ugenini, na ikiwa ndiyo uliyoichagua kwa data, utakatwa salio la Kenya ukiwa kitandani kwako Tanzania. Ninapovuka geti la Holili nabadilisha laini ya data kabla sijapanga foleni ya uhamiaji, na laini ya nyumbani naiacha imewashwa bila data ili ipokee ujumbe mfupi wa benki, ambao kwa kawaida kuupokea hakutozwi. Simu zinazoingia kwenye laini hiyo sizipokei. Natuma ujumbe kwa WhatsApp kumwambia aliyepiga nilipo. Namba zote nimezihifadhi kwa kuanza na +255 au +254, kwa sababu namba inayoanza na sifuri, ukiwa ugenini, huweza kumpata mtu wa nchi ile badala ya shemeji yako.

Kuhusu eSIM za wasafiri

Nitalipita haraka, kwa kuwa mpakani lina manufaa machache. Laini hizi zisizo na kadi hununuliwa mtandaoni kwa kadi ya benki, kwa dola, na nyingi hutoa data pekee bila namba ya kupigia wala pesa za simu. Mtalii anayezunguka Nairobi, Kigali na Zanzibar ndani ya wiki mbili atazifurahia; mkazi wa Sirari hatapata kitu ambacho laini ya shilingi chache haimpi. Anayezitumia akumbuke kwamba eSIM hizo hufanya kazi zikiwa zenyewe ni wageni, kwa hiyo data ya romingi huwashwa kwenye eSIM na kuzimwa kwenye laini ya nyumbani. Anayewasha zote mbili ameufungua mlango ule ule aliolipa ili ufungwe.

Bei ya ng'ambo si moja kila mpaka

Mpaka unaoukaribia nao hubadilisha uamuzi. Wazo la kuifanya kanda yetu kuwa mtandao mmoja si geni: Septemba 2006 kampuni ya Celtel iliwaruhusu wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania kutumia laini zao katika nchi hizo tatu kwa bei za wenyeji, na waliokuwa wasafiri wakati huo bado huizungumzia kwa hamu. Mwishoni mwa 2014 serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha mpango wa mtandao mmoja, Sudan Kusini ikajiunga, na masharti yake yalikuwa kwamba kupokea simu ni bure na kupiga ndani ya nchi hizo kusizidi senti 10 za dola ya Marekani kwa dakika. Tanzania na Burundi hazikuwamo mwanzoni. Ndiyo maana mtu wa Busia au Malaba anayesahau kubadili mipangilio huwa hatarini kwa upande wa data zaidi kuliko sauti, na simulizi za kutisha za kupokea simu kwa malipo huzisikia zaidi katika mipaka ya Tanzania. Mpango huo ulianza na sauti. Data ina bei zake, nazo huulizwa kwa kampuni yako kabla ya kila safari, kwa kuwa hubadilika bila tangazo kubwa.

Namna unavyolipia laini yako nayo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwenye laini ya kulipia kabla hupoteza salio lake, pamoja na lile la kukopa ikiwa ameliruhusu, kisha basi. Mwenye laini ya ofisi inayolipiwa mwisho wa mwezi hana dari, na mbaya zaidi kumbukumbu za matumizi ya ugenini zinaweza kuchelewa kuifikia kampuni ya nyumbani, kwa hiyo ujumbe wa tahadhari humfikia baada ya deni kuiva. Huyo asivuke, wala asilale mpakani, kabla hajaiandikia kampuni yake kuomba kikomo cha matumizi, na jibu alihifadhi.

Ukiwa umekwisha kukatwa

Wengi hunyamaza kwa kuwa kiasi ni kidogo. Mimi nililalamika kwa kampuni yangu, na jibu la kwanza lilikuwa kwamba mfumo unaonyesha nilikuwa Kenya. Mfumo haukusema uongo: unachokihifadhi ni mnara uliokuhudumia, wala hauna habari za kitanda ulicholalia. Kwa hiyo mzigo wa kuonyesha ulikokuwa unakuwa wako, na ushahidi hukusanywa asubuhi ile ile: picha ya kioo yenye ujumbe wa kukaribishwa na saa uliyoingia, jina la mtandao, salio kabla na baada, na risiti ya nyumba ya wageni ikiwa ipo. Malalamiko huanzia kwa kampuni, kwa maandishi, na upewe namba ya kumbukumbu. Wasipokuridhisha, nenda kwa ofisi ya serikali inayosimamia mawasiliano: Tanzania kuna TCRA, Kenya kuna Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda kuna UCC na Rwanda kuna RURA, na ofisi hizo huuliza kwanza namba hiyo ya kumbukumbu. Mimi nilirudishiwa shilingi 9,000 baada ya wiki tatu, kwa sababu ya risiti ya chumba iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu na kugongwa muhuri wa Tarakea.